Kengele ya gesi: tazama hii kabla hujaniandikia tena "tutumie"

Jambo sana watu wa Goma! Jambo Himbi, jambo Majengo, jambo Ndosho. Na wa Bukavu, mnaosema kila mara nawasahau, haya, leo nimewataja.

Niko kazini, ndiyo maana mnasikia kelele nyuma. Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona hii gari? Ndani kuna kitanda, jiko, friji, hadi choo. Huku Kanada watu wanaikodi, wanaenda kulala porini wiki mbili kwa pesa yao wenyewe. Siku nilipomweleza mama kazi yangu ni kusafisha magari haya yakirudi na kuyakagua kabla hayajatoka tena, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hao wamefukuzwa na nani?"

Sasa inama nami. Chini kabisa, pembeni ya kabati la jiko, usawa wa kifundo cha mguu. Hiki kisanduku chenye taa ya kijani ndicho kilichojaza simu yangu ujumbe tangu video iliyopita, wengi mkiomba niwatumie. Ni kengele ya gesi. Inanusa vitu viwili: propani, ile gesi ya kupikia ya kwenye bombone, yaani mtungi, na monoksidi ya kaboni, sumu inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha.

Kwa nini wameiweka chini hivi, mahali pa kupigwa teke? Mtu wa Goma hahitaji mwalimu kwa hili. Sisi tumekua tukiambiwa usishuke kwenye lile shimo, kuna mazuku, gesi ya kuua inayotoka ardhini. Mbuzi anaingia, anaanguka; mchungaji aliyesimama juu yake bado anapumua. Mtoto ndiye anayekufa kwa sababu ni mfupi. Gesi ya mazuku ni nzito kuliko hewa, inalala bondeni kama maji. Propani nayo ina tabia hiyohiyo: uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kungoja cheche. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa ya chumba inaweza kuwaka, na kengele inatakiwa ilie kabla haijafika hata robo ya hapo. Najua mtasema gesi inanuka. Inanuka kwa sababu kiwandani wanaitia dawa ya harufu. Lakini aliyelala hasikii harufu, na mwenye mafua pia hasikii.

Hiyo nyingine, monoksidi, ni mwizi wa aina tofauti. Haina harufu wala rangi, na haikai chini wala juu. Uzito wake unakaribia sana wa hewa, kwa hiyo inachanganyika nayo chumba kizima. Ukiivuta, inang'ang'ania damu kwa nguvu inayopita mara 200 ile ya oksijeni. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini hewa haifiki.

Nilishakutana nayo kabla sijajua jina lake. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame, sisi tulikimbilia Sake. Tulilala watu kumi na mmoja chumba kimoja. Mvua, baridi. Mtu akaingiza mbabula, lile jiko la makaa, makaa yameshakuwa mekundu, hakuna moshi hata kidogo, na sote tukaona ni sawa: moshi umekwisha, shida imekwisha. Dirisha tuliziba kwa kitenge. Usiku binamu yangu akaanza kutapika. Mimi kichwa kilikuwa kinapasuka, miguu imelegea kama sombe iliyochemka. Mmoja akalaumu sardini tulizokula. Bibi mmoja wa pale akasema hapana, kuna jicho baya ndani ya nyumba hii. Nilitoka nikitambaa kwenda kujisaidia, na pale uani, kwenye mvua, kichwa kikaanza kupungua. Nikarudi mlangoni, kikaanza tena. Ndipo nilipoita wote watoke. Sardini za watu hazikuwa na kosa.

Ndiyo maana dada yangu wa Katindo aliponipigia akitaka kengele tatu, sikubisha. Hapa kazini kuna boksi la zile zilizong'olewa kwenye magari ya zamani. Nikachukua sita. Nilijiona mjanja: zinatumia volti 12, na kwenu nyumba ngapi zina betri ya sola ya volti 12? Nikaziunganisha moja moja, taa ya kijani ikawaka. Nikabonyeza kitufe, ikalia. Nikazipanga ndani ya koli, ule mzigo wa kutuma nyumbani, kati ya viatu vya watoto na zile sabuni.

Kuna mzee ninayefanya naye kazi, mtu wa maneno machache. Akachukua moja, akaigeuza, akanionyesha karatasi ya nyuma. Tarehe ilikuwa imepita. Nikamwambia, lakini inalia! Akasema kitufe kinapima koo, hakipimi pua. Kile kifaa cha kunusa kilichomo ndani kinachakaa hata kama hakijawahi kunusa kitu. Nyingi zinaishi miaka 5 hadi 7, mpya kabisa zinafika 10. Nilikuwa namtumia dada yangu taa ya kijani tu. Angeitazama usiku, angelala na mbabula ndani, akiniombea baraka.

Nilitupa zote sita.

Kwa hiyo mkiona zinauzwa sokoni, geuza kwanza. Kama karatasi ya nyuma imebanduliwa, rudisha, hata akikupunguzia bei. Na kwa nyumba msitafute hii ya gari. Tafuteni ya nyumbani yenye betri yake, maana hii ya waya kuranti ya betri ikiisha nayo inazima. Kisha betri zile kubwa za sola za maji, zikichajiwa kupita kiasi zinatoa haidrojeni, na haidrojeni inaweza kuifanya kengele ilie bure. Juzi mteja mmoja amerudisha gari, kengele ameifunga mdomo kwa plasta. Nikamuuliza, akasema ilimsumbua usiku. Sikumjibu. Nilikwenda kupima jiko.

Kuhusu kulia: mlio mfupi mmoja kila baada ya muda mara nyingi ni betri au uzee. Milio minne mfululizo, kimya, minne tena: hiyo ni sumu, toka nje na watu wote, msianze kutafuta inatoka wapi. Msishangae pia ikichelewa. Zimetengenezwa hivyo: sumu ikiwa ya sehemu 70 kwa milioni, inalia baada ya saa 1 hadi 4; ikifika 400, ndani ya dakika 4 hadi 15. Kidogo mwili unavumilia kwa muda, nyingi hauvumilii.

Na hapa naomba wa Himbi, wa Bulengo na wa kule Lac Vert wasikilize vizuri, kwa sababu watatu wameniuliza. Hapana. Haitawaambia kama kuna mazuku. Mazuku ni dioksidi ya kaboni, hii inatafuta monoksidi. Majina yanafanana kama mapacha, lakini kengele inamjua mmoja tu, mwingine atapita mbele yake na taa itabaki ya kijani. Msimpeleke mtoto shimoni eti mmeshika kengele.

Haya, bosi anaita. Dada, koli inaondoka Jumatatu. Nimenunua tatu mpya, nimeandika tarehe ya mwisho mbele kwa kalamu nyekundu ili usisumbuke kugeuza. Moja ya chumba cha watoto, moja ya mama. Ya tatu mpelekee yule jirani mwenye jenereta chini ya dirisha lenu, na umwombe aisogeze ile jenereta. Viatu vya kijani ni vya mdogo, usimpe mkubwa, havitamtosha.