Mnaniuliza Kama Bado Napanda Treni

Hamjambo ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni. Leo sauti yangu iko chini, mtanisamehe. Nimetoka zamu ya usiku na mume wangu amelala chumba cha pili. Nikipaza sauti ataamka, na akiamka ataanza kuuliza chai iko wapi.

Kila wiki huwa nawaambia mbonyeze kengele ili video mpya zisiwapite. Leo nataka tuongee kuhusu kengele nyingine, ile ya dharura iliyo karibu na mlango wa treni, ambayo nilikuwa nimepita mbele yake miaka mitatu bila kuitazama hata siku moja.

Tangu watu wachomwe visu ndani ya treni huku kwetu, wengi mmeniandikia kitu kilekile: dada, bado unapanda treni? Nikiwajibu "ndiyo" mnadhani najikaza. Acheni basi niwaeleze vizuri.

Mimi naishi Peterborough, Uingereza. Kazi yangu, wale wa siku nyingi mnajua, ni kuhudumia wazee, na kituo ninachoshuka kwenda kazini kinaitwa Huntingdon. Ukitoka Peterborough, kituo kinachofuata ni hicho hicho. Hakuna kingine katikati. Ni mashamba tu, tambarare mpaka macho yanachoka, na treni inakwenda kama robo saa hivi. Mlango ukifungwa Peterborough, ndiyo umefungwa.

Tarehe 1 Novemba 2025, siku ya Jumamosi, treni ya mwendo kasi iliyotoka Doncaster kwenda London ilipita Peterborough kwenye saa moja na nusu usiku. Ilipoondoka tu pale, mtu akaanza kuchoma watu visu ndani. Abiria wakakimbilia mabehewa mengine, wengine wakajifungia chooni. Watu 11 walijeruhiwa. Mmoja wao ni mfanyakazi wa treni aliyejiweka kati ya kisu na abiria, akaumia vibaya mno.

Ile treni kwa kawaida haisimami Huntingdon. Inapita pale kama haikijui kituo. Lakini dereva aliwasiliana na waongozaji wa njia, akabadilishiwa reli, akaingia Huntingdon na kusimama. Polisi wenye silaha wakawa wamepanda ndani ya dakika nane tangu simu ya kwanza ipigwe. Nane. Mimi nikimwita fundi wa bomba hapa hunijibu siku ya pili.

Saa hiyo nilikuwa kazini, upande wa pili wa mji, namlisha bibi mmoja uji wake. Tulisikia ving'ora, tukasikia helikopta, tukadhani ni ajali ya barabarani. Simu kazini tunafungia kwenye makabati. Saa sita usiku, wakati wa mapumziko, nafungua yangu nakuta mama amepiga mara kumi na saba. Mama yangu yuko Tanga. Alijua habari za Huntingdon kabla yangu mimi niliyekuwa Huntingdon. Kuna mtu alimrushia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ujumbe wenyewe umeandikwa "treni ya kina fulani imevamiwa", kina fulani ndiyo mimi! Nilipompigia hakusema hata haloo. Alilia kwanza, halafu akanigombeza kwa nini sipokei simu.

Akaniambia, "Kuanzia leo kaa karibu na dereva."

Mama, treni siyo daladala. Dereva amefungiwa kwenye chumba chake, simwoni hanioni. Na treni nyingi ninazopanda mimi hazina hata kondakta. Ni dereva mmoja na mabehewa nane au kumi na mawili nyuma yake, na yametobolewa katikati hayana milango ya kuyatenganisha, unaweza kutembea toka mkia mpaka kichwa. Zamani nilikuwa naipenda hali hiyo, nikiingia naona mbele mpaka mwisho kama niko ndani ya nyoka. Sasa hivi nawaza: kama mimi naweza kutembea mpaka mwisho, na mwingine naye anaweza.

Kuna mliouliza mbona hawakagui mabegi, maana SGR ya kwetu unakaguliwa kama unapanda ndege. Swali zuri. Huku kuna stesheni zaidi ya 2,500, na nyingi ni jukwaa tu na kibanda cha kukinga mvua, hakuna mfanyakazi hata mmoja. Unaingia kama unavyoingia uwanjani kwa jirani. Baada ya tukio lile waziri wa usafiri, Heidi Alexander, aliulizwa hilo hilo, akasema ukaguzi wa mtindo wa viwanja vya ndege siyo njia. Nilichukia kidogo. Halafu nikajihesabia: foleni ya kukaguliwa asubuhi pale King's Cross, stesheni kubwa ya London, ingekuwa na watu wangapi, wamebanana, nje ya mlango? Mwenye nia mbaya hahitaji kupanda treni. Anaifuata foleni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera. Sijalisema kwa mtu, hata mume wangu atalisikia hapa kama ataangalia, na najua haangalii.

Wiki iliyofuata nilipanda treni yangu ya jioni. Nilichagua kiti kinachotazama mlango, mgongo kwenye ukuta. Begi nililiweka kifuani. Tiketi mkononi, simu mkononi, macho mlangoni. Akaingia kijana. Mweusi, mrefu, amevaa sweta lenye kofia na kofia ameivuta, begi kubwa mgongoni. Alikuwa anaongea peke yake. Anatembea hatua tatu, anarudi mbili. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Nikainuka, nikakusanya vitu vyangu, nikahamia behewa la nyuma.

Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira, ningeelewa hasira. Alivua kofia polepole. Akavua begi mgongoni, akalipakata, akalifungua zipu nusu na kuliacha wazi, makaratasi na nguo vikionekana. Akaketi. Kumbe hakuwa anaongea peke yake, alikuwa na vile vifaa vya masikioni, anaongea na simu. Wote tunaongea hivyo siku hizi, hata mimi.

Ule mkono uliofungua zipu ninaujua. Mume wangu hufanya hivyo hivyo. Tangu tumefika nchi hii ana taratibu zake ambazo nilikuwa nazicheka. Hakimbilii treni hata kama inaondoka. Kofia anaivua kabla ya kuingia. Usiku, akikuta mwanamke amekaa peke yake, yeye anasimama mlangoni robo saa nzima na viti vitupu vimejaa. Nilimwambia wewe una kiburi cha kusimama. Akasema, "Nisije nikamtia mtu hofu." Nikacheka. Wallahi nilicheka.

Na mwaka wangu wa kwanza huku mimi mwenyewe niliketi karibu na mama mmoja mtu mzima, akauvuta mkoba wake upande wa pili wa mapaja. Nilirudi nyumbani nikawasimulia nyie kwa uchungu, mkanipa pole mia mbili na zaidi kwenye maoni. Sasa mimi na yule mama tuna tofauti gani? Yeye angalau hakuhama kiti.

Siku ile ya tukio walikamatwa watu wawili. Polisi wakatangaza mapema umri wao na kwamba wote ni watu weusi waliozaliwa hapa hapa, na kwamba hakuna dalili ya ugaidi. Mmoja alishtakiwa, na mambo yake ni ya mahakama, siwezi kuyasemea. Yule wa pili aliachiwa. Hakuhusika kabisa! Usiku kucha yule mtu alikuwa, kwenye simu za dunia nzima, ndiye muuaji wa pili. Kwenye kundi letu la ukoo aliitwa majina ambayo hapa siyarudii. Nani alirudi kundini kusema "jamani, yule hakuwemo"? Hakuna. Mimi pia sikurudi.

Wenyeji wa London wa umri wa kina mama zangu wanakumbuka mwaka 2005. Tarehe 7 Julai mabomu yalilipuka kwenye treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, wakafa watu 52 bila kuwahesabu walipuaji wenyewe. Tarehe 21 wengine walijaribu tena yakashindwa kulipuka. Kesho yake, tarehe 22, askari walimfuata kijana mmoja Mbrazili, fundi umeme wa miaka 27, Jean Charles de Menezes. Alipanda basi, akaingia stesheni ya Stockwell, akaketi ndani ya treni kama mimi ninavyoketi. Wakampiga risasi kichwani wakidhani ni mmoja wa wale walipuaji. Hakuwa na bomu. Alikuwa anakwenda kazini. Nilipita Stockwell mwaka jana, nje kuna kumbukumbu yake ya vigae vya rangi rangi ukutani, na picha yake anatabasamu. Watu wanapita na kahawa mikononi.

Kwa hiyo mkiniuliza unaogopa, jibu langu lina vyumba viwili. Naogopa kisu, ndiyo, mimi siyo chuma. Na naogopa ile sura niliyoiweka mimi usoni mwangu nilipohama behewa, maana sura hiyo hiyo ikikaa kwenye uso wa mtu mwenye bunduki, yule anayetazamwa anaweza kuwa mume wangu.

Ninachokifanya siku hizi ni hiki, na siyo kingi. Ile kengele ya mlangoni niliisoma maandishi yake kwa mara ya kwanza. Wengi tunadhani ukiivuta treni inasimama palepale, na kama uko katikati ya mashamba na mtu ana kisu, kusimama palepale ndiyo kifo chenyewe. Kwenye treni za kisasa kengele inakuunganisha na dereva, unaongea naye, na yeye anaweza kuendelea mpaka kituo kinachofuata ambako msaada unaweza kufika. Siku ile ya Novemba ndivyo ilivyowaokoa watu, kufika kituoni. Polisi wa reli wana namba ya ujumbe mfupi, 61016, ile ni ya pale unapomwona mtu anakusumbua na hutaki akusikie ukipiga simu. Jambo likiwa la damu ni 999, hakuna mjadala. Na nimeacha kuziba masikio yote mawili. Sikio moja muziki, sikio moja dunia.

Kuna dada mmoja wa Leicester aliniandikia kwamba yeye anabeba kisu kidogo cha jikoni kwenye mkoba kwa kujilinda. Dada yangu, nakuomba kitoe leo. Hapa sheria haijui "kwa kujilinda", kukutwa na kisu hicho hadharani bila sababu ya maana ni kosa linaloweza kukupeleka jela, na kibali chako cha kukaa nchini kinaweza kwenda nacho. Hilo sina la kuongeza.

Mama bado hajatulia. Tumeafikiana kwamba nikipanda nampigia, tunakaa wote hewani robo saa ile mpaka nishuke. Katikati ya mashamba mtandao unakatika, ukirudi namkuta yuko kwenye dua, hajui hata kwamba nilipotea. Tangazo la stesheni likisikika ananiuliza yule mwanamke anasema nini. Namwambia anasema ukiona kitu kisicho sawa toa taarifa. Mama anasema, "Aa, kama balozi wa nyumba kumi."

Juzi nimekaa, nimempigia, akauliza kama kawaida:

"Umekaa na nani?"

"Kuna kijana hapa mbele yangu. Ana begi."

"Umemsalimia?"

"Mama, huku watu hawasalimiani kwenye treni."

"Sijakuuliza wao. Nimekuuliza wewe."

Basi ikabidi. Nikamtazama yule kijana, siyo yule wa kwanza, huyu mwingine, nikamwambia habari za jioni kwa Kiingereza changu cha adabu. Akashtuka. Akatoa kifaa kimoja sikioni, akaniinamia kwa huruma kabisa, akaniuliza kama nimepotea.