Klorokwini Haikuwa ya Malaria Peke Yake

Shikamooni wazee wangu, na habari za mchana nyote. Nawashukuru hasa nyinyi wenye maduka ya dawa mliotoka Masasi na Newala mkaungana na wenzenu wa Mtwara mjini, maana neno langu ni lenu.

Wengi humu tunaikumbuka klorokwini: uchungu wake, na ule mwasho wa kukesha ukijikuna. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria, vimelea vilishakuwa sugu. Watu wakadhani imekwisha kazi.

Lakini tangu 1894, Joseph Frank Payne, daktari wa London, aliwapa kwinini, dawa ya malaria ya kabla ya klorokwini, wagonjwa wa lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, hata figo. Leo tunatumia haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini, kwa lupasi na baridi yabisi. Hujikusanya kwenye vifuko vyenye tindikali ndani ya seli za kinga na kuipunguza makali tindikali hiyo. Humo ndimo seli hutambua mabaki ya vinasaba na kutoa ishara ya hatari. Ishara ikififia, uvimbe na maumivu hupungua. Kazi hiyo haihusiani na vimelea, kwa hiyo usugu wa malaria hauigusi.

Mwaka 1991 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 47 wa lupasi waliokuwa wametulia. 25 waliendelea na dawa. 22 walipewa vidonge vitupu bila kujua. Ndani ya miezi sita hivi ugonjwa uliamka kwa 16 kati ya hao 22, na kwa 9 kati ya wale 25.

Sasa mama mwenye lupasi anakuja dukani na cheti cha daktari cha dawa hii, anaambiwa, "Mama, hii ya malaria, nawe huna malaria." Anaondoka mikono mitupu. Jamani, hilo linaniuma. Hata akiwa mjamzito, kwa kawaida daktari humtaka aendelee nayo. Na inachelewa kufanya kazi, pengine miezi miwili mitatu, kwa hiyo mtieni moyo.

Ila asiye na cheti asiuziwe kwa sababu tu magoti yanamuuma. Dozi hufuata uzito, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Anayeitumia miaka mingi lazima apimwe macho, kwani ikiharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hairudi ilivyokuwa. Na ifichwe mbali na watoto: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Haya, karibuni kwa maswali.