Fyuzi ya Minivan Imeungua: Jinsi ya Kuitafuta, Kuibadilisha na Kujua Kilichoiunguza

Karibu tena, ndugu mtazamaji. Gari unaloliona nyuma yangu ni minivan ya familia: viti safu tatu, milango ya kuteleza pande zote mbili. Injini inawaka vizuri na taa zote ni nzima, lakini mwenye gari analalamikia mambo mawili. Soketi ya kuchajia simu pale mbele imekufa, na waipa ya kioo cha nyuma haisogei. Tutayafuatilia yote mawili leo. Nakuomba ubaki nami mpaka tufike kwenye waipa, maana hapo ndipo watu wengi hukosea na kuharibu gari.

Kabla hujafungua chochote, jiulize: kimekufa kitu kimoja, au vimekufa kadhaa kwa mpigo? Taa moja ya breki ikizima na zilizobaki zinawaka, usikimbilie fyuzi. Anza na balbu. Zikizima zote kwa pamoja, hapo sawa, fyuzi inahusika, au swichi iliyopo kwenye pedali ya breki. Taa kubwa za mbele ni habari nyingine kidogo: magari mengi yana fyuzi ya kushoto na ya kulia mbalimbali, ili moja ikiungua usibaki gizani barabarani.

Vifaa ni vichache. Tochi. Kibanio kidogo cha plastiki cha kuchomolea fyuzi, ambacho mara nyingi kimechomekwa ndani ya kisanduku cha fyuzi chenyewe. Fyuzi za akiba. Na hii hapa, tesita ya taa ya volti 12: ncha yake kama sindano, taa ndogo ndani ya mpini, na waya wenye klipu mwishoni. Ukiwa na multimita ni vizuri pia, ila kwa kazi ya leo tesita inatosha.

Sasa zima gari na utoe ufunguo. Kama gari lako linawaka kwa kitufe, uweke ule ufunguo mbali na gari. Mambo mawili ya usalama, na haya nayasema kwa msisitizo. Kama minivan yako ni ya haibridi, yaani inayotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, utaona nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo zina umeme mkubwa wa kuua, usiziguse wala usifungue kifuniko chochote zinapoingia. Pili, fyuzi yenye maandishi SRS ni ya eabagi, ile mifuko ya hewa inayokulinda gari likigonga. Hiyo usiichomoe wala usiichokoe kwa tesita. Mpelekee fundi.

Haya, kisanduku kiko wapi? Minivan kwa kawaida haina kimoja tu. Fungua boneti, angalia karibu na betri: boksi jeusi lenye kifuniko cha klipu. Humo zinakaa fyuzi kubwa pamoja na za vitu vinavyokula umeme mwingi, kama feni ya redieta na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapobana breki. Cha pili kiko ndani, chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti. Ingiza kichwa kabisa na tochi yako, usione haya. Kwa magari mengine kipo ubavuni mwa dashibodi, unakiona mlango ukiwa wazi tu, au nyuma ya kile kikabati cha mbele ya abiria. Na kwa kuwa minivan ina vitu vingi nyuma, baadhi yake zina kisanduku kingine tena kwenye ukuta wa ndani karibu na buti. Kitabu cha gari kitakuonyesha vyote. Kama kitabu kimepotea, mara nyingi kinapatikana kwenye intaneti kwa aina na mwaka wa gari lako.

Ukitoa kifuniko, kigeuze. Unaona hapa? Kuna ramani. Kila fyuzi ina namba, ampea zake, yaani kiasi cha umeme inachobeba, na kifupisho. Soketi yetu imeandikwa CIG, kwa sababu zamani tundu hili lilikuwa la kiberiti cha sigara. Waipa ya nyuma ni RR WIP. Vifupisho hutofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo usinakili vya kwangu. Piga picha ya ramani yako kwa simu pamoja na picha ya fyuzi zenyewe kabla hujazigusa. Picha hiyo itakuokoa ukisahau ipi ilitoka wapi.

Tuanze na CIG. Unaweza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine ukizitazama, lakini kuna njia bora, na ndiyo ninayoipenda. Angalia juu ya fyuzi: kuna vitobo viwili vidogo, na ndani yake chuma kinaonekana. Bana klipu ya tesita kwenye chuma kitupu cha bodi ya gari, boliti isiyo na rangi ni nzuri. Weka ufunguo kwenye hatua ya umeme bila kuwasha injini, kwa sababu saketi nyingi hazina umeme ufunguo ukiwa umetolewa. Kwanza jaribu tesita kwenye fyuzi unayojua ni nzima, ili uhakikishe klipu imeshika. Halafu gusa kitobo kimoja, kisha cha pili.

Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua: umeme unafika lakini hauvuki. Isipowaka popote, usiilaumu fyuzi. Umeme haujaifikia kabisa, na hapo unarudi nyuma kutafuta relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, au fyuzi kubwa inayoilisha. Hii yetu, tazama, upande mmoja inawaka, upande wa pili hakuna kitu. Tumeipata, na hatujachomoa hata fyuzi moja.

Ufunguo urudi kwenye kuzima. Bana fyuzi na kibanio, vuta moja kwa moja juu, usiitikisetikise sana ili miguu yake isilegeze tundu. Isogeze kwenye mwanga. Katikati kuna utepe mwembamba wa chuma unaounganisha miguu miwili, na huu umekatika. Lakini utazame ulivyokatika. Utepe ukiyeyuka taratibu na plastiki ikabaki safi, kwa kawaida ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda. Plastiki ikiwa nyeusi ndani, na chuma kimerukia pembeni kama moshi wa fedha, huo ni umeme uliopita kwa nguvu ghafla: shoti. Yetu ni nyeusi. Naiweka pembeni, usiitupe.

Na kama utepe unaonekana mzima, bado usiamini macho peke yake. Utepe unaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana napima kwanza.

Mpya iwe ya ampea zilezile. Zinaandikwa juu, na rangi nayo inazungumza: kahawia hafifu ni 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe ya kuonyesha 25, kijani 30. Umbo nalo lifanane, kwa sababu kuna za kawaida, kuna ndogo, kuna fupi, na kuna nyingine za miguu mitatu ambazo ni fyuzi mbili ndani ya moja, mguu wa kati ukilisha pande zote mbili.

Nisimame hapa kidogo. Kuna mtu atakuambia, "Hii ya 15 inaungua kila mara, weka 30 usumbufu uishe." Ndugu yangu, usifanye hivyo. Fyuzi haikuwekwa kulinda soketi wala redio. Imewekwa kulinda waya. Aliyetengeneza gari alichagua unene wa waya, kisha akachagua fyuzi itakayokatika kabla waya huo haujapata joto la hatari. Umeme ukiongezeka mara 2, joto ndani ya waya huongezeka mara 4. Ukiweka fyuzi ya 30 mahali pa 15, kinachoanza kuyeyuka ni waya, tena mahali usipopaona, chini ya zulia, pembeni ya viti wanavyokaa watoto. Karatasi ya fedha ya sigara, kipande cha waya, msumari: vyote hivyo ni vibaya zaidi, kwa sababu huenda visikatike kabla waya haujaungua. Kama huna fyuzi sahihi na uko safarini, azima yenye ampea zilezile kutoka kwenye kitu unachoweza kuishi bila, kama redio.

Kabla sijaweka mpya, nataka kujua kilichoua ya zamani. Namulika ndani ya soketi. Umeona? Sarafu. Imelala chini ya tundu, ikigusa kile chuma cha katikati chenye umeme na ukuta wa pembeni ambao ni upande hasi wa umeme. Hiyo ndiyo shoti yenyewe. Kwa kuwa fyuzi imetolewa, soketi haina umeme, kwa hiyo naitoa salama kwa kibanio. Sasa fyuzi ya buluu inaingia, nasukuma mpaka ikae sawa na wenzake. Ufunguo. Chaja inawaka. Lakini kumbuka hesabu hii: ampea 15 kwa volti 12 ni wati 180. Pampu ya kujazia matairi na chaja ya kompyuta kwa pamoja kwenye saketi moja vinaweza kuifikisha huko bila sarafu yoyote.

Sasa waipa. Napima RR WIP, imeungua vilevile. Nachomoa: nyeusi. Kwenye buti hakuna sarafu ya kutafuta. Naweka mpya ya ampea zilezile, nafungua ufunguo, nawasha waipa... imekatika papo hapo. Sikia vizuri: ukifika hapa, usiweke ya tatu. Utamaliza pakiti nzima na hutajua kitu.

Cha kwanza, natenganisha mota. Nafungua paneli ya ndani ya mlango wa buti, nachomoa plagi ya mota ya waipa. Kama shoti ikiondoka, mota ndiyo mbaya. Isipoondoka, tatizo liko kwenye waya. Badala ya kuchoma fyuzi nyingine kupata jibu, natumia balbu. Hii ni balbu ya indiketa ya wati 21, nimeiungia nyaya mbili, na ncha zake nazichomeka kwenye tundu la fyuzi. Balbu haiwezi kupitisha hata ampea 2, kwa hiyo waya hauumii, na inaniambia yanayotendeka. Ikiwaka kwa nguvu wakati mota imechomolewa, umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Njia hii naitumia kwenye saketi nyepesi kama za waipa na honi tu. Kwenye kompyuta za gari na eabagi hapana.

Ufunguo, swichi ya waipa. Balbu inawaka kabisa, mota haipo. Basi ni waya. Na kwenye minivan nina mahali pa kwanza pa kutazama: popote waya unapojikunja kila siku. Kwa waipa ya nyuma, ni ule mpira wa mikunjo pale juu, kati ya bodi na mlango wa buti. Kila ukifungua mlango, nyaya zinapinda. Kwa milango ya kuteleza ya umeme ni ule mkanda wa nyaya unaofuata mlango. Miaka ikipita, ngozi ya waya inapasuka.

Shika mpira huu, utikise taratibu, macho yako kwenye balbu. Mwenzangu anaitazama kule mbele. "Imefifia... imezima... imewaka." Hapohapo! Nazima ufunguo, navuta mpira kutoka kwenye kiti chake, na tazama: waya huu ngozi imechanika, shaba imebaki tupu na inagusa bodi ya chuma.

Kuufunga kwa utepe wa umeme tu hakutoshi mahali panapopinda, utafunguka. Nakata sehemu iliyochakaa, naunga kipande cha waya laini wa unene uleule, kirefu kidogo ili usivutike, nalehemu, kisha navalisha kipira kinachosinyaa kwa joto. Viungo navipeleka nje ya sehemu inayopinda. Nakagua nyaya za jirani pia, kwa maana zote zina umri mmoja. Hapa mbili zimeanza kupasuka, nazo nazitengeneza. Ukiona shaba imeliwa kijani kwa ndani, au huna mazoea ya kulehemu, hapa ndipo pa kumkabidhi fundi umeme wa magari. Kwa kujua shoti iko wapi, umeshampunguzia sehemu kubwa ya kazi.

Balbu tena: imezima, hata nikitikisa. Naitoa, narudisha plagi ya mota, naweka fyuzi sahihi. Waipa... inakwenda. Naiacha ifute mara kadhaa huku nikifungua na kufunga mlango wa buti. Fyuzi haijakatika.

Sasa rudisha kifuniko ukisikia klipu zote zimelia, hasa cha chini ya boneti, maana maji yakiingia humo yanakula miguu ya fyuzi. Jaza fyuzi za akiba ulizotumia. Na kama ulichomoa fyuzi ya vioo au ya milango ya umeme wakati wa kutafuta, usishtuke kioo kikikataa kupanda chenyewe kwa mguso mmoja: gari limesahau mwisho wa kioo uko wapi. Kwa magari mengi unashusha kioo mpaka chini, unakipandisha mpaka juu na kuendelea kushikilia kitufe sekunde chache. Mlango wa kuteleza nao huenda ukahitaji kufungwa kwa mkono mara moja kabla haujakubali kitufe; kitabu cha gari lako kina hatua zake.