Kitabu Hupendekezwa kwa Mtu, si kwa Grupu

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za mchana. Vijana nawaona mmejazana karibu na feni. Kwa jua hili la Tanga, hamkukosea.

Walionialika waliniandikia nije nizungumzie kushirikishana makala na vitabu mtandaoni. Nikajiuliza, mimi mwalimu wa Kiswahili nina elimu gani ya mtandao? Nilichonacho ni grupu moja la WhatsApp la wasomaji. Tulilianzisha mwaka 2018 tukiwa watu 11, leo tumepita 200, na uadmini wameniachia mimi kwa sababu wengine wote walikataa. Basi nitasema ya grupu. Mwenye kutaka nadharia atanisamehe.

Usiku mmoja umeme ulikatika, simu ina chaji, sina la kufanya. Nikapandisha juu ujumbe wa mwezi mzima nikaanza kuhesabu. Linki za makala 63. Picha za majalada ya vitabu 29. Watu walioandika kwamba wamesoma, 4, na mmoja wao ukimfuatilia alikuwa anazungumzia makala nyingine kabisa. Zilizobaki zilipata dole gumba, zikapata viganja viwili vya kushukuru, zikapata "ahsante kwa madini, mwalimu". Madini yenyewe yamebaki ardhini, hakuna aliyechimba.

Mwanzoni nililaumu watu. Nikasema Watanzania hatusomi, maneno ambayo kila mtu huyasema akiwa na maana ya jirani yake. Halafu nikarudi kuangalia nilichoandika mimi mwenyewe juu ya linki zangu. "Wadau, someni hii." "Kitabu kizuri sana hiki." "Msikose." Sasa niambieni, mdau ni nani? Ukipita Barabara ya Kumi na Mbili ukapaza sauti "jamani, njooni mle", nani atakuja? Kila mmoja atadhani umemwita mwenzake.

Nitoe mfano wa siku ambayo nadhani wengi mnaikumbuka. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Siku ile simu yangu ilichemka. Habari hiyo hiyo moja niliipokea kutoka kwa mashemeji, kutoka kwa wanafunzi wangu wa zamani, kutoka kwa fundi wangu wa pikipiki. Furaha kweli kweli. Lakini katika zile fowadi zote hakuna hata mmoja aliyeniambia: mwalimu, anza na kitabu hiki, kwa sababu hii. Na mimi, msinione nimesimama hapa mbele, nilifowadi vilevile. Sikuwa nimesoma hata ukurasa wake mmoja.

Mwaka uliofuata, 2022, Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya Ida Hadjivayanis kutoka riwaya ya Paradise ya mwaka 1994. Nikainunua, nikaisoma, nikairudia. Safari hii sikuandika "wadau". Kuna kijana kwenye grupu letu anafanya kazi ya kukusanya marejesho kwenye ofisi ya mikopo, ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Nikamwandikia mbele ya watu wote: "Mdogo wangu, kuna mvulana anaitwa Yusuf. Anapandishwa treni kwenda na tajiri mmoja, anadhani anafuatana na ndugu wa familia. Kumbe baba yake anadaiwa, na yeye ndiye rehani. Wewe unayeona madeni kila siku, nataka uniambie kama yule tajiri ni mtu mbaya." Basi. Sikusifu lugha, sikutaja Nobeli.

Yule kijana hakujibu siku tisa. Siku ya kumi akaandika aya ndefu, nusu yake akimtetea tajiri. Wanawake wa grupu wakamvaa! Kufikia Ijumaa watu saba walikuwa wanatafutana nani ana nakala, nani anakwenda Dar amnunulie. Watu saba ambao sikuwaandikia hata herufi. Walisimama mlangoni wakasikiliza maongezi ya wawili, wakaona wanapitwa.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kupendekeza kitabu ni kazi ya kumjua mtu kabla ya kukijua kitabu. Kitabu utakisoma siku tatu ukakimaliza. Mtu ndiye anayehitaji muda.

Na jambo hili si geni kwetu. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, gazeti la serikali ya kikoloni kupitia idara ya elimu, nalo halikukosa mambo yake. Lakini angalieni kurasa za mashairi. Washairi walikuwa wakijibizana humo, mmoja anafumba, mwingine anafumbua, wanaitana kwa majina. Shaaban Robert wetu, mtoto wa hapa Machui, mashairi yake yalipita humo. Shairi lililoandikwa kumjibu mtu fulani lilisomwa na maelfu wasiohusika. Malumbano yana utamu ambao tangazo halina.

Kuna mzee katika grupu letu, bahati mbaya leo hakuja, miguu. Alifanya kazi bandarini hapa enzi ambazo meli zilitia nanga huko nje na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari. Miaka mitatu yumo ndani ya grupu, hajawahi kuandika neno. Mimi nilidhani simu ameazimwa na mjukuu. Nikamwambia: "Baba, kuna riwaya ya Adam Shafi inaitwa Kuli, ya mwaka 1979, inasimulia makuli wa Unguja mpaka mgomo wao wa 1948. Mimi bandari naijua kwa kuipita nje. Nisomee, uniambie kama mwandishi anajua kazi au anabuni."

Alituma ujumbe wa sauti. Dakika kumi na moja! Akazungumzia marobota ya katani, jinsi yanavyotaka watu wanaoelewana bila kusemeshana. Akazungumzia msimamizi mmoja ambaye hakumtaja jina, lakini kwa namna alivyovuta pumzi sote tulimjua alikuwa mtu wa aina gani. Kwenye riwaya alipata mahali pawili pa kubishana na mwandishi, mengine akasema "huyu amekaa na watu". Ujumbe ule mpaka leo watu wanauomba. Nimeufundishia darasa la Kidato cha Tano, wanafunzi wakanyamaza kimya ambacho mimi kwa sauti yangu sijawahi kukipata.

Kwa hiyo siku hizi sitazami kitabu nikasema "nani atakipenda". Natazama mtu nikajiuliza anajua nini ambacho kitabu hiki kinakihitaji. Ukimpa mtu kitabu na swali ambalo yeye tu ndiye mwenye jibu lake, hawezi kukaa nacho. Kitamwasha.

Njia nyingine inayofanya kazi ni kukataza, ila siipendekezi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Mimi niliisoma kwa sababu mwalimu wangu alituambia haitufai. Hajawahi kunipendekezea kitabu kwa nguvu kama siku ile.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana niliahidi nafsi yangu kwamba nikija hapa nitaisema. Wakati wa Ramadhani mwaka mmoja niliona watu wana muda, nikatuma pidiefu ya riwaya nzima. Ilikuwa imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kidole cha mtu kinaonekana pembeni. Sikujiuliza kidole ni cha nani. Watu wakashukuru, madini, madini. Baada ya nusu saa namba moja nisiyoijua, mwanachama mpya aliyeongezwa wiki hiyo, ikaandika kwa adabu kabisa: "Mwalimu, samahani, hii umeipata wapi? Ndiyo mimi niliyeiandika."

Mnacheka. Mimi nilifuta ule ujumbe mikono inatetemeka, lakini mnajua WhatsApp inavyofanya, inabakisha pale pale kwamba ujumbe umefutwa, kama alama ya soli ya mwizi kwenye saruji mbichi. Nikampigia. Hakugomba. Alinieleza tu nakala ngapi za kitabu kile zimebaki chini ya kitanda chake. Sheria ya hakimiliki tunayo, ile ya 1999, lakini siku ile sheria haikunijia kichwani hata kidogo. Kilichonijia ni kitanda. Tukakubaliana, nikachukua nakala kumi na tano nikaziuza hapa hapa mjini, na kila aliyefungua ile pidiefu nilimfuata faragha mpaka akanunua. Wawili walijitoa kwenye grupu. Waende salama.

Makala sitazisemea sana, mambo yake ni machache. Wengi wetu bando letu ni la mitandao ya kijamii tu, linki ya nje haifunguki. Nakili ile aya moja iliyokushika, useme nani kaandika na lini. Hasa hilo la lini. Mwaka jana tuligombana siku mbili nzima juu ya bei ya mahindi ya mwaka 2016.

Nimeambiwa nimebakiwa na dakika tano, na mimi dakika tano sizitumii kwa kufunga hotuba. Mzee wangu uliyekaa pale mstari wa pili, mwenye baraghashia nyeupe. Tangu nimeanza kuzungumza umeangalia mlango mara nne, kisha ukaangalia viatu vya kila aliyeingia. Mimi hilo nimeliona. Kuna bwana mmoja wa Unguja anaitwa Msa, mpelelezi wa hadithini, mvuta kiko, naye hutazama watu hivyo hivyo. Muhammed Said Abdulla alimwandika, na hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958 kabla haijachapwa kitabu mwaka 1960. Nakala yangu hii hapa, jalada limechakaa, usilihukumu. Nakuazima wiki mbili. Nataka ukifika katikati usimame, unitumie jina la muuaji, na uniambie ulimjulia wapi.

Namba yangu nakupa. Viatu vyangu vilikuambia nini?