Kuzuia maji kwenye nyumba ya mawe na kwenye slabu ya zege: hatua kwa hatua

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni. Leo tupo Mji Mkongwe, Unguja, chumba cha chini cha nyumba ya zamani ambayo sasa inapokea wageni. Masika yamekaribia, na wakati kama huu simu yangu haipoi. Wote wanasema neno moja: "Fundi, njoo uzibe." Kabla hatujaziba chochote, mpiga picha wangu, shusha kamera hapa, karibu na sakafu.

Mnaona rangi ilivyovimba kama chapati iliyokolea moto? Naigusa kwa ukucha, inapasuka, na nyuma yake kuna unga mweupe unaomwagika. Ile ni chumvi. Mzee mwenye nyumba ameniambia amepaka rangi mara tatu ndani ya miaka miwili, kila mara ya bei kubwa zaidi, na kabla ya rangi alishauriwa apige lipu ya saruji ukuta mzima, ati izuie maji. Inaniuma, kwa sababu aliyempa ushauri huo ni fundi kama mimi, na lipu ile ndiyo iliyomharibia ukuta.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta una unene wa kama nusu mita, nao unakunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka. Ndivyo ulivyoishi miaka yote. Ukiuvalisha saruji, maji yanaendelea kuingia kutoka ardhini, ila pa kutokea hayana. Yanapanda juu zaidi kutafuta njia, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka inageuka fuwele zinazosukuma na kuvunja chokaa iliyoshika mawe. Kwa nje ukuta unaonekana mzima. Gonga kwa vifundo vya vidole, usikilize... unalia kama debe tupu. Lipu imeshaachana na jiwe.

Kwa hiyo leo tuna kazi mbili, na kila moja ina dawa yake. Nyumba ya mawe tunaiachia ipumue. Nyumba ya zege, tutakayopanda baadaye, tunaifunga kutoka juu.

Hatua ya kwanza: jua maji yanatoka wapi. Chukua penseli, zungushia alama ya maji ukingoni kabisa, uandike tarehe pembeni, kama navyofanya hapa. Alama iliyoanzia chini na kuishia usawa wa kiuno, hayo kwa kawaida ni maji ya ardhini. Alama iliyo darini au pembeni mwa boriti, angalia paa na mifereji. Alama moja tu katikati ya ukuta, fuata mabomba. Wiki iliyopita tulikuta ukuta umeoza kwa sababu ya kibomba cha kiyoyozi cha jirani kinachodondosha maji palepale mchana na usiku. Kibomba kilisogezwa, kazi ikaisha, bila mfuko hata mmoja wa chokaa.

Ukiwa na shaka kama maji yanatoka ukutani au ni mvuke wa chumbani, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ukifunge kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukuta, ukuta ndio wenye maji. Yakitokea upande wa chumba, fungua madirisha kwanza.

Hatua ya pili, na wenye hoteli naomba mnisikilize hapa: kibali. Majengo ya Mji Mkongwe yanasimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mji wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Usianze kubomoa lipu ndipo uende kuomba ruhusa.

Pia kagua usalama kabla ya kupanda ngazi. Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo kila nikiingia nyumba ya zamani naanza na boriti. Angalia pale boriti ya mkoko inapoingia ukutani. Nasukuma bisibisi taratibu... hii imegoma, mti mzima. Ile ya pili, tazama, bisibisi imezama kama kwenye muhogo uliochemka. Hapo kazi ya maji inasimama, tunaweka nguzo za muda, na mhandisi anaitwa. Ncha ya boriti ndiyo huoza mwanzo, kwa sababu imefichwa ndani ya ukuta wenye maji.

Hatua ya tatu: ondoa saruji. Tumia tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kuvunjia usiilete hapa, inatikisa ukuta mzima. Piga kwa mshazari, kipande kitoke chenyewe. Ukifika kwenye jiwe, acha. Chumvi ifagie kwa brashi kavu na uikusanye uitupe mbali. Usiioshe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ilikotoka. Kisha subiri. Kwa ukuta kama huu nasubiri wiki kadhaa, milango na madirisha wazi, na wakati huo nashughulika na nje: udongo uliopanda juu ya msingi naushusha, gata nalisafisha, na maji ya paa nayapeleka mbali na ukuta. Wateja wengi hawapendi kusubiri. Mimi huwaambia kabla ya kusaini mkataba, ili tusigombane baadaye.

Hatua ya nne: chokaa. Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijatiwa maji, ukiitia maji inachemka kweli, inarusha, na inaunguza macho. Vaa miwani na glovu, tanguliza maji kwenye pipa, kisha tia chokaa kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya rundo la chokaa. Ikishazimika, ifunike maji juu yake ikae. Hii mnayoiona ina miezi mitatu, imekuwa laini kama siagi, inashika kwenye mwiko hata nikiugeuza chini juu.

Kipimo changu ni chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe wa shimoni, uliooshwa, usiwe wa pwani. Ukitumia wa pwani umerudisha chumvi uliyoitoa. Changanya kwa kuponda, si kwa kuongeza maji. Nyunyizia ukuta mpaka jiwe lisivute tena haraka, kisha piga lipu ya kwanza, unene wa sentimita moja hivi. Usipige tabaka moja nene, litapasuka. Chokaa haigandi kama saruji. Inakomaa polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na inahitaji unyevunyevu wakati huo. Kwa hiyo tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake, uzuie jua na upepo. Tabaka la pili lifuate la kwanza likishakuwa gumu kiasi kwamba ukucha hauingii.

Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, yaani unarudia kupaka mara nne au tano. Ukiona inafunika mkono wa kwanza, ni nzito, itabanduka. Rangi ya plastiki ibaki dukani.

Paa la zamani nitalipitia haraka. Lilikuwa sakafu ya mawe madogo na chokaa juu ya boriti, watu wakaiponda kwa vipande vya mti siku kadhaa huku wakiimba, mpaka ikawa ngumu. Mengi sasa yamefunikwa mabati. Yaache. Usiongeze tabaka la zege juu yake, boriti hazikukatwa kwa uzito huo. Na karatasi ya lami ya kuchoma kwa gesi usiipandishe humu. Juu ya mbao kavu, ule moto haufai.

Haya, tumehama. Sasa tupo juu ya jengo la maduka la ghorofa nne, slabu tupu ya zege. Hapa ile karatasi ya lami ya kuchoma kwa gesi ina nafasi yake, mtungi uwe wima na kizima moto kiwe karibu.

Zege liwe na siku 28 au zaidi, na likauke. Fagia mpaka vumbi liishe. Mwaga ndoo ya maji utazame yanakokwenda. Hapa yametuama katikati, kwa hiyo tunapiga mteremko kwanza, angalau sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji. Pale slabu inapokutana na parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa, jaza kona kwa mota iwe ya mviringo, kwa sababu karatasi ikikunjwa kwenye kona kali hupasuka hapohapo. Paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha karatasi, isubiri ikauke.

Karatasi ya kwanza ianzie penye tundu la maji, sehemu ya chini kuliko zote. Ya pili iilalie ya kwanza kutoka juu, kama unavyopanga mabati. Ubavuni zilaliane sentimita 10, kwenye miisho sentimita 15. Moto uende kwenye karatasi na zege kwa pamoja, ukivingirisha polepole. Sogeza kamera... mnaona uzi mwembamba wa lami umechomoza ukingoni? Huo ndio ushahidi kwamba imeshika. Pasipo na uzi huo, inua kwa mwiko uchome upya. Kwenye parapeti panda juu sentimita 15 kutoka usawa wa mwisho wa sakafu, ncha uifungie ndani ya mfereji uliokatwa ukutani. Maji mengi niliyoyafuata kwenye majengo mapya yalipita pale, kwenye kona na kandokando ya mabomba. Katikati ya slabu ni nadra.

Kabla ya kufunika kwa vigae, ziba tundu na ujaze maji sentimita 5, uache siku mbili. Kumbuka kila mita ya mraba imebeba kilo 50 za maji, kwa hiyo muulize mhandisi kama slabu inastahimili. Mteja, dai jaribio hili liandikwe kwenye mkataba, na upigiwe picha kila tabaka kabla halijafichwa. Usilipe malipo ya mwisho mpaka ushuke mwenyewe ghorofa ya chini na tochi, uangalie dari.

Sisi maji tumeyajaza leo saa nne asubuhi. Keshokutwa saa hizi tutashuka na kamera. Na kule Mji Mkongwe, mstari wa penseli nimeuacha ukutani na tarehe yake. Lipu ya upande ule bado hatujaipiga, tunangoja ukauke. Masika yakiisha tutarudi kwa mzee tukautazame kama maji yameuvuka au yameshuka chini yake.