Bodoni sio ya kuandikia namba ya simu (mhadhara kwa vijana wa steshenari, Mwanza)

Walioko nyuma sogeeni, huko mlangoni bodaboda zitanimeza. Mnanijua, nikishika maiki ni yale yale, zile herufi zenye mguu mnene huku na mstari mwembamba kule, fonti za Bodoni na Didot, zile za jalada la Vogue, jarida la mitindo. Sizichukii jamani! Nazipenda, ndo maana naumia.

Chukua neno MWANZA, liandike kwa Bodoni herufi kubwa, shusha saizi hadi pointi 8 alafu piga fotokopi, ile kopi nayo ipige fotokopi. M inapoteza mguu wa kushoto, A hivyo hivyo, N ndo balaa maana miguu yote miwili iliyosimama ni myembamba, unabaki ule wa mshazari peke yake, Z nayo mshazari mmoja tu. Jina la mji limekuwa uzio uliopigwa na upepo wa ziwani! Njoo kwenye namba sasa, sifuri imekonda juu na chini, pakifutika inasomeka 11. Kuna kadi ya mchango wa harusi ilizunguka Igoma, namba ya mweka hazina ina sifuri tatu, watu wanaulizana hii ni namba ya nchi gani mbona ndefu hivi. Mchango utafika saa ngapi?

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona Bodoni mwenyewe, yule mchapaji aliyezichonga herufi hizi, alichapa vitabu vizima. Alichapa ndio, ila huyo bwana tangu 1768 alikuwa anasimamia kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma, Italia, karatasi laini, wino wa maana, hakuna wa kumwambia nipunguzie bosi. Na kila saizi aliichonga upya! Hakuchukua kubwa akaiminya kama nyie mnavyovuta kona kwa mausi. Kitabu cha sampuli zake kilitoka 1818, mwenyewe kashafariki tangu 1813, mjane wake ndo akakitoa, kafungueni muone saizi zilivyo kibao.

Sasa dada wa saluni Kirumba anataka "kama Vogue". Mpe! Jina la saluni likae kubwa kwenye bango, hadi aliyeko kwenye daladala aione ile mistari. Bei za kusuka na namba ya simu weka fonti nyingine, yenye unene unaolingana. Playfair Display, fonti nyingine ya huku mnene kule mwembamba, ni ya bure, ipo tangu 2011, lakini nayo ni ya vichwa vya habari, msinijazie menyu nzima ya sato kwa pointi 7.

Herufi nyeupe juu ya maruni, wino unazimeza... basi, mshika muda ananikazia macho. Maswali. Kama swali lako ni "mteja ndo kataka hivyo", shusha mkono.