Nitasaini Mwenyewe, Nyumbani Kwangu

Mhadhara kwa Waswahili wa Houston, Texas

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe kwa ndugu zangu Wakristo. Shikamooni wazee wangu mlioketi huku mbele, na ahsanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu, najua wengi mmetoka zamu ya usiku.

Nianze na siku niliyokataa kazi. Simu ililia saa tatu usiku. Kijana akaniambia, "Dada, wewe ndiye notari anayesema Kiswahili? Njoo haraka, mzee yuko hospitali, karatasi zote zimeandikwa, bado saini tu." Nikachukua mkoba wangu, muhuri na rejista, nikaenda. Chumbani walikuwa watoto watatu na mke. Mzee alikuwa kwenye dawa za maumivu, macho nusu wazi. Nikamwinamia: shikamoo baba. Kimya. Nikamuuliza, unajua nimekuja kufanya nini leo? Akageuza uso ukutani akasema, "Ng'ombe wamerudi?"

Mtoto mkubwa akamshika mkono, akamwekea kalamu katikati ya vidole, akaanza kuusogeza ule mkono juu ya karatasi. Nikafunga mkoba. Kijana alinikasirikia, na sikumlaumu, alikuwa anampoteza baba yake. Baada ya siku mbili mzee akafariki. Zile karatasi, zilizoandikwa vizuri na wakili kwa pesa nyingi, zilibaki hivyo hivyo bila saini. Zilikuwa zimekaa kwenye droo ya jikoni miezi minne, wanasubiri siku ambayo wote wangepata nafasi ya kwenda ofisini.

Miezi minne, ndugu zangu. Na mimi ninakaa dakika ishirini kutoka nyumbani kwao.

Ndiyo maana nimekuja kusema nanyi habari ya notari anayekuja nyumbani. Hapa Marekani yuko, ni kazi halali, na anaweza kukaa kwenye kochi lako mkamaliza jambo hili mzee akiwa bado anacheka na wajukuu.

Kwanza tuelewane neno lenyewe, maana sisi tumelibeba kutoka makwetu na maana zake. Tanzania na Kenya, mhuri wa notari na kamishna wa viapo mara nyingi uko mkononi mwa wakili. Ukienda kwake unamwona mwanasheria, unamwomba na ushauri. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, kwenu notere ni mtu mkubwa, hati aliyoiandika ina uzito wa serikali. Hapa Texas sivyo. Mimi si wakili. Nimepewa kazi hii na ofisi ya Katibu wa Jimbo kwa miaka minne, nikaweka dhamana ya dola 10,000 ili nikikosea mwenye kuumia apate pa kushika. Siwezi kukuandikia wosia wala kukwambia nyumba umpe nani. Ukiniuliza "karatasi gani inanifaa?", jibu langu ni moja: muulize wakili. Na notari asiye wakili anayejiita "notario público" hapa anavunja sheria, kwa sababu watu wa Amerika ya Kilatini wameumizwa sana na jina hilo, wakidhani wamepata mwanasheria. Nasi tunaweza kuumizwa vilevile. Mkimwona notari anawatoza mamia ya dola "kuwashughulikia mirathi" na hana leseni ya uwakili, ondokeni.

Basi kazi yangu ni ipi? Ni kutazama. Nahakikisha aliye mbele yangu ndiye mwenye jina lililo kwenye karatasi, anajua anachotia saini, na anatia kwa hiari yake. Baada ya hapo nagonga muhuri, ule wenye nyota ya ncha tano, na kuandika kwenye rejista yangu. Siwezi kugonga kwa mtu asiyekuwepo. Siwezi kugonga leo, yeye akasaini kesho. Wala kwa simu, eti "mama amesema ndiyo, nimemsikia."

Sasa nyumbani. Nikifika huwa naomba jambo ambalo watu wetu linawashtua: naomba niachwe na mzee peke yetu kidogo. Kwa mila zetu ni kama namtukana mwana. Lakini nyinyi mnajua, mama wa Kiswahili hawezi kumkatalia mwanawe mbele ya watu. Atasema "haya, kama mnavyoona wenyewe." Hiyo si hiari, ni heshima. Nataka nisikie neno lake bila macho ya mtu juu yake.

Kuna mama mmoja, siwezi kusema anakaa mtaa gani, alinikaribisha akiwa anapika mandazi. Wanawe wawili wakakaa kwenye kochi kama askari. Nikaomba faragha, mkubwa akasema, "Mama hana siri na sisi." Mama akafuta unga mikononi, akasema taratibu, "Baba, nendeni mkakae nje kwenye gari." Wakaenda. Nikamuuliza, mama, hii karatasi ni ya nini? Akanieleza vizuri kuliko ambavyo wakili angeeleza: huyu atasema na madaktari nikishindwa kusema, huyu atalipa bili zangu, na nyumba hii ni ya wote wanne, pamoja na yule wa kule ambaye hawa hawapendi kumtaja. Akavaa miwani. Alijifunza kuandika ukubwani, kwa hiyo jina lake lilichukua muda, herufi moja moja, na ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Sikumharakisha. Ningeweza kukaa pale mpaka magharibi.

Kama angeshindwa kuandika, sheria ina njia ya alama, na ina njia ya mtu mwingine kumwandikia jina mbele yake kwa agizo lake mwenyewe. Kutetemeka mikono hakumnyimi mtu haki. Kutojua kinachoendelea ndiko kunakonizuia.

Sasa hizo karatasi. Ya wosia ndiyo inayochanganya wengi, kwa hiyo nisikilizeni. Hapa Texas muhuri wangu sio unaoufanya wosia uwe wosia. Wosia uliopigwa chapa unasimama kwa saini ya mwenyewe na mashahidi wawili waaminifu, wenye umri wa miaka 14 au zaidi, nao watie saini mbele yake. Waislamu hili si geni kwetu. Qur'ani katika Surat al-Maida inataka mashahidi wawili waadilifu wakati wa kuusia. Mimi naingia kwenye ukurasa wa mwisho, kile kiapo kinachoambatana na wosia, ambapo mwenyewe na mashahidi wanaapa kwamba mambo yalikwenda sawa. Faida yake mtaiona siku ya msiba: mahakama haitawatafuta wale mashahidi waje kutoa ushahidi. Na nyinyi mnajua watu wetu wanavyohama. Shahidi wa leo yuko Alief hapa Houston, mwakani yuko Minnesota, mwaka wa pili amerudi Goma.

Msimweke mrithi kuwa shahidi. Hilo linaweza kumkosesha alichoachiwa. Jirani, mwenzako wa kazini, mtu wa msikitini au kanisani, hao ndio wa kuwaita. Mimi siji na mashahidi mfukoni, kwa hiyo waambieni mapema wawepo saa ile ile. Mara ngapi nimefika, mzee yuko tayari, chai iko mezani, shahidi wa pili yuko kwenye foleni ya barabara ya 59!

Hati ya uwakilishi wa mali, unayompa mtu asimamie mali yako, ile ya kudumu inayoendelea hata akili ikipungua, hiyo lazima ithibitishwe mbele ya notari. Ile ya kumteua msemaji wa matibabu, na maagizo kwa madaktari, unaweza kuchagua: mashahidi wawili au notari. Wengi wenu ni wauguzi wasaidizi, mnajua jinsi ilivyo wodini. Angalau mmoja wa mashahidi hawezi kuwa ndugu wala mtu wa hospitali anayemhudumia mgonjwa, na familia nzima iliyojaa chumbani haifai. Ndipo wanapoanza kumtafuta notari saa tatu usiku.

Na uwakilishi unakufa na mwenyewe. Nimeona mtu ameshika hati ya uwakilishi ya baba yake aliyezikwa wiki iliyopita, anakwenda nayo benki. Haina kazi tena. Kuanzia pale ni wosia, au ni sheria ya jimbo kwa asiyeacha wosia.

Na sheria hiyo inatugusa sisi kuliko wengi. Texas inahesabu mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wawili. Mume akifa bila wosia, na watoto wake wote ni wa mke huyu, mke anabaki na mali yote ya ndoa. Lakini kama ana mtoto mmoja nje, hata yule wa ujanani aliyebaki Kigoma au Kisumu, nusu ya marehemu inakwenda kwa watoto wake, na mke anabaki na nusu yake. Anaweza kujikuta anamiliki nyumba pamoja na mtoto ambaye hajawahi kumwona. Simlaumu mtoto, ni damu, ana haki. Nasema tu kwamba baba alikuwa na uwezo wa kulipanga jambo hili kwa ulimi wake mwenyewe, akawaacha watu wagombane juu ya kaburi lake. Kwa Waislamu, wosia ndipo mahali pa kumwomba wakili aandike mgawo wa kisharia, maana mahakama ya hapa haitaujua yenyewe.

Kitambulisho. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Sisi tumefika nchi hii majina yetu yamegeuzwa. Jina la babu limekuwa la kwanza, la mama limeachwa, tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1 kwa nyumba nzima. Leseni inasema jina moja, hati ya wakili inasema jingine, na nyumbani mzee anaitwa Baba Amina. Mimi nafuata kitambulisho, na kisiwe kimekwisha muda. Mwambieni wakili aandike jina kama lilivyo kwenye leseni au kitambulisho cha jimbo, kisha aongeze "anayejulikana pia kwa jina" fulani. Na siku mnaponipigia, nisomeeni jina kwa simu, herufi kwa herufi. Tutaokoa safari.

Lugha nayo. Nataka mimi na mwenye kusaini tuelewane moja kwa moja. Mjukuu akiwa katikati anatafsiri, mimi sijui ni maneno ya nani ninayoyasikia. Kwa hiyo kama mama haongei Kiingereza, tafuteni notari anayeongea Kiswahili, au Kinyarwanda, au lugha yake. Tupo. Na vijana mliopo hapa, kozi yake si ngumu, ada yake si kubwa. Mji huu unatuhitaji wengi zaidi.

Bei: kwa saini ya kwanza ninayoithibitisha sheria inaniruhusu kutoza hadi dola 10, na dola 1 kwa kila saini inayoongezeka kwenye hati hiyo. Nauli ya kuja kwako ni mapatano, basi mwulizeni notari kabla hajawasha gari, na awaandikie risiti inayotenganisha hayo mawili.

Nikishaondoka, msichomoe pini kwenye wosia kwa ajili ya kutoa kopi. Mahakama ikiona matundu mawili ya pini itauliza kurasa gani zilibadilishwa. Asili ni moja, muiweke mahali ambapo mtu mmoja mwaminifu anapajua. Karani wa kaunti naye anaweza kuupokea wosia wako kuuhifadhi ungali hai, kwa ada ndogo.

Mzee wangu hapa mbele ameinua mkono muda mrefu, samahani baba. Anauliza: "Na shamba langu la Uvira?"

Ahsante, baba. Shamba linafuata sheria ya nchi liliko. Wosia wa Texas usiutegemee peke yake kwa ardhi ya Kongo. Tafuta wakili wa kule akuandikie linalohusu kule, na mawakili hao wawili wasomeane kazi, maana wosia mpya huwa unaandika "nafuta nyosia zangu zote za nyuma", na kwa neno hilo moja ule mwingine unakufa. Kama unataka tu kumpa mdogo wako uwezo wa kulisimamia ukiwa hai, hapo mimi naweza kukusaidia: unasaini mbele yangu, kisha hati inakwenda Austin kwa Katibu wa Jimbo kuthibitisha kwamba mimi ni notari kweli. Kwa nchi zilizoingia mkataba wa apostili, yaani kila nchi inakubali cheti hicho cha nyingine bila kukithibitisha tena, kama Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024, inaishia hapo. Kwa zisizoingia, inaendelea Washington na ubalozini. Inachukua wiki nyingi, kwa hiyo usisubiri hadi mpaka wa shamba ugombaniwe.

Baba, unakaa wapi? Gulfton? Basi Jumanne nitakuwa upande huo. Andaa leseni yako.